TATHMINI YA HIFADHI YA MISITU: TUHESABU MICHE AU TUPIME MSITU?

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wajumbe wa kamati za hifadhi za shehia. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu wake ili wakaazi ambao hawakuwepo nao wapate kufaidika.)





Sikusimama hapa kama bwana misitu. Mimi ni mtu wa habari, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ni kuandika yale yaliyofanywa na wataalamu na kuyafikisha kwa wananchi. Lakini kwa kuwa taarifa za miradi hupita mikononi mwetu kabla ya kuwafikia wakubwa na umma, nimeona ni wajibu wangu kusema jambo moja juu ya namna tunavyozitayarisha taarifa hizo, hasa zile zinazohusu juhudi za kuzuia kupotea kwa misitu yetu.

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa afisa kijana nilipelekwa katika kijiji kimoja kuandika habari za siku ya upandaji miti. Niliandika idadi ya miche iliyogawiwa, nikawataja wageni waliohudhuria, nikamalizia kwa kusema kwamba zoezi limefanikiwa. Habari ile ilipendeza na nilipongezwa. Baada ya masika mawili nilipita tena kijijini pale kwa shughuli nyengine. Chini ya mwembe niliviona viriba vimepangwa safu kwa safu na miche ndani yake imekauka. Hakuna aliyeitoa kwenda kuipanda. Bibi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akirudi na mzigo wa kuni kichwani, aliniuliza: “Mwanangu, miche mliihesabu. Na kuni zangu je, mlizihesabu?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika yaliyotolewa, sikuandika yaliyopatikana.

Ndugu wananchi, mazungumzo yangu ya leo yanalenga swali la bibi yule.

SWALI LENYEWE

Taarifa nyingi za miradi ya misitu hueleza mikutano mingapi imefanyika, kamati ngapi zimeundwa, watu wangapi wamepatiwa mafunzo na miche mingapi imegawiwa. Mambo hayo yana haja yake, kwani bila ya kazi kufanyika hapana matokeo. Lakini hayo ni gharama tulizoingia, si faida tuliyoipata. Mfanyabiashara hasemi kuwa amefaidika kwa sababu tu amenunua bidhaa nyingi.

Wako wengine ambao hupiga hatua moja mbele: huutazama msitu. Wakiukuta umesimama husema mradi umefaulu, na wakiukuta umepungua husema umeshindwa. Kipimo hiki ni bora kuliko kile cha kuhesabu mikutano, lakini nacho kinaweza kutupotosha. Swali la haki ni hili: lau mradi usingekuwepo, msitu huu ungekuwa katika hali gani leo? Tofauti baina ya hali iliyopo na hali ambayo ingekuwepo ndiyo kazi halisi ya mradi.

Nitoe mfano wa kubuni ili jambo hili lifahamike. Shehia moja ina msitu wa hekta 100 uliopo kando ya barabara, karibu na soko la kuni na makaa. Baada ya miaka 5 ya mradi zimebaki hekta 90. Mtu wa haraka atasema mradi umeshindwa. Lakini shehia ya jirani, yenye msitu wa namna ile ile, iliyo karibu na soko lile lile na isiyokuwa na mradi, imebakiwa na hekta 70. Basi mradi umeokoa hekta 20, na wanakamati wake wanastahili shukrani badala ya lawama.

Sasa tuchukue shehia ya tatu, yenye hekta 100 za msitu juu ya mawe makali, mbali na njia. Baada ya miaka 5 ya mradi hekta zote 100 zipo. Sherehe zinafanywa na zawadi zinatolewa. Lakini msitu mwengine wa aina hiyo, usio na mradi wowote, nao umebaki na hekta zake zote 100, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kubeba kuni kutoka huko. Mradi huu haukuokoa hata hekta moja. Na fedha zilizotumika pale zingeweza kuikoa shehia ya kando ya barabara.

MAFUNZO KUTOKA NCHI NYENGINE

Jambo hili si nadharia tupu. Nchi kadhaa za joto zimekwisha kulipima, na ni vyema tukajifunza kwao.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Uganda. Magharibi ya nchi hiyo, katika wilaya za Hoima na Kibaale, kulifanywa jaribio baina ya mwaka 2011 na 2013 ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Vilichaguliwa vijiji 121. Kwa njia ya kura, vijiji 60 vilipewa nafasi ya kuingia katika mpango ambao mwenye msitu wake binafsi alilipwa shilingi za Uganda 70,000 kwa kila hekta kwa mwaka, maadamu hakukata miti. Vijiji 61 vilivyobaki havikupewa mpango huo. Kwa kuwa kura haina upendeleo, makundi yote mawili yalianza katika hali zinazofanana, na tofauti iliyoonekana baadaye ingeweza kuhusishwa na malipo yenyewe.

Picha za setilaiti zilionesha kwamba katika vijiji visivyolipwa eneo lenye miti lilipungua kwa asilimia 9.1, na katika vijiji vilivyolipwa lilipungua kwa asilimia 4.2. Naomba tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza, hata katika vijiji vya mradi miti ilipungua. Lau wataalamu wale wangetazama vijiji hivyo peke yake, wangeandika kuwa mpango umeshindwa. Ni kule kulinganisha ndiko kulikodhihirisha kuwa upotevu ulipungua kwa zaidi ya nusu. La pili, hawakutosheka na hayo, bali walitazama pia ikiwa waliolipwa walihamishia ukataji katika ardhi za karibu, na hawakuona dalili ya jambo hilo. Hata hivyo malipo yale yalidumu kwa miaka 2 tu, na mradi wa miaka 2 hautoshi kutufundisha nini kitatokea katika mwaka wa 10.

Costa Rica ni nchi inayosifiwa sana kwa hifadhi, na sifa hiyo ni stahiki yake. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha misitu iliyohifadhiwa na misitu isiyohifadhiwa yenye ardhi, miteremko na umbali unaofanana. Ilidhihirika kwamba ni takriban sehemu moja katika kumi tu ya misitu iliyohifadhiwa ambayo ingekatwa lau isingewekewa ulinzi. Sababu ni kuwa hifadhi nyingi huwekwa milimani, mbali na barabara na kwenye udongo usiofaa kwa kilimo, ambako wakataji ni wachache tangu hapo. Hii haina maana kuwa hifadhi hazina faida. Zinalinda vyanzo vya maji na wanyama, na sehemu moja katika kumi si jambo dogo. Maana yake ni kuwa hatupaswi kujihesabia sifa ya miti ambayo haikuwa na adui.

Brazil nayo inatufundisha habari ya wakati. Katika msitu wa Amazon, ukataji ulifikia kilomita za mraba 27,772 mwaka 2004. Mwaka huo huo Serikali ilianzisha mpango maalumu pamoja na utaratibu wa kutazama msitu kwa setilaiti ili wakaguzi wapelekwe haraka panapoonekana ukataji. Kufikia mwaka 2012 ukataji ulishuka hadi kilomita za mraba 4,571. Lakini katika miaka hiyo hiyo bei za mazao na nyama nazo zilikuwa zimeteremka kwa kipindi, na bei zikishuka tamaa ya kufyeka hupungua. Wachumi waliochambua miaka ya 2005 hadi 2009 walikadiria kwamba sera zilizuia karibu nusu ya ukataji ambao ungetokea. Baadaye usimamizi ulilegea na ukataji ukapanda hadi zaidi ya kilomita za mraba 13,000 mwaka 2021, kisha ukashuka tena hadi 6,288 mwaka 2024 baada ya usimamizi kurejeshwa. Funzo ni kwamba ushindi wa msitu si wa kudumu. Mti ulionusurika mwaka huu unaweza kukatwa mwakani.

Hatimaye kuna suala la biashara ya ukaa, ambalo wengi wetu tumelisikia. Utaratibu wake ni kuwa nchi na makampuni yanayochafua hewa hununua hati za ukaa kutoka kwa miradi inayozuia ukataji wa misitu. Idadi ya hati hutegemea makadirio ya ukataji ambao ungetokea bila ya mradi. Mara nyingi makadirio hayo huandaliwa kwa upande wa mradi wenyewe, na kadiri yanavyokuwa makubwa ndivyo hati zinavyokuwa nyingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulipitia miradi 26 katika nchi 6, Tanzania ikiwa miongoni mwake, na kuona kwamba mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi kinachothibitika, na iliyopunguza ilipunguza kidogo kuliko ilivyodai. Wahenga walisema, akipenda chongo huita kengeza. Mwenye maslahi na hesabu hafai kuwa mhesabu wa peke yake.

HALI YA KWETU

Ndugu wananchi, tugeukie visiwa vyetu. Sheria ya misitu namba 10 ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa wananchi kusimamia misitu yao kwa makubaliano na Serikali. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na vijiji vinavyoizunguka hupata sehemu ya mapato ya wageni. Baina ya mwaka 2010 na 2014, kwa msaada wa Norway, Shirika la CARE pamoja na Idara ya Misitu waliendesha mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba. Kamati ziliundwa, mipaka ilipimwa, maeneo ya kuhifadhiwa na ya kutumiwa yaligawiwa, na wananchi walielezwa kuwa misitu yao ikisalimika huenda wakapata fedha za ukaa.

Fedha za soko la ukaa hazikuja kama zilivyotarajiwa. Hapa pana jambo zito kuliko hesabu. Kuna watu walioacha kukata kuni katika maeneo waliyozowea wao na wazee wao, kina mama waliotembea mbali zaidi, na vijana wa doria walioamka usiku bila ya ujira. Tukisema mradi ulifaulu, kwao ni maneno tu ikiwa hatuna ushahidi. Tukisema ulishindwa bila ya kupima, tunawadhulumu, kwa sababu huenda msitu uliosimama leo umesimama kwa jasho lao. Hivyo tathmini ya kweli ni haki ya mwananchi kabla ya kuwa sharti la mfadhili.

Tathmini hiyo si nyepesi, na nitaje vikwazo vyake vinne.

Cha kwanza ni ongezeko la watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Ni ongezeko la zaidi ya watu 586,000 katika miaka 10, na wote hao wanahitaji nyumba na chakula kilichopikwa. Kulinganisha msitu wa jana na wa leo bila ya kuzingatia jambo hili ni kuubebesha mradi mzigo usiokuwa wake. Ni lazima tulinganishe pia shehia yenye makubaliano na shehia isiyokuwa nayo, zinazofanana kwa udongo, barabara na idadi ya watu.

Cha pili ni mabadiliko yasiyohusiana na mradi. Familia ikihamia kwenye jiko la gesi, kuni hupungua, na sifa hiyo si ya kamati ya msitu. Hoteli au nyumba mpya zikijengwa, maweni hufyekwa, na lawama hiyo nayo si ya kamati.

Cha tatu ni jicho la angani. Picha ya setilaiti inasaidia sana, lakini kutoka juu shamba la mikarafuu au la miembe linaweza kufanana na msitu wa asili, na upandaji wa mivinje na mikeshia ukaonekana kuwa ni msitu uliorudi. Aidha, katika misitu yetu ya maweni uharibifu mara nyingi si wa kufyeka eneo zima. Huchukuliwa fito leo, kuni kesho na miti ya kuchomea makaa kesho kutwa, na kutoka juu bado pana kijani. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa hiyo hapana budi mtu aingie kwa miguu, apime unene wa miti na kuhesabu visiki.

Cha nne ni kuhama kwa ukataji. Wazee husema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Mradi unaohesabu miti ndani ya mipaka yake tu huona mzigo wake ni mwepesi, kumbe kilichovuja kimekwenda kwa jirani. Tukizuia makaa katika shehia moja na yakachomwa katika shehia ya pili, au yakavushwa kutoka Bara kwa chombo, msitu wetu umepona kwa gharama ya msitu wa mwengine. Ndiyo sababu ni lazima tupime pia nje ya mpaka, na tuulize sokoni makaa yanatoka wapi.

WAJIBU WA KILA MMOJA WETU

Baada ya maelezo hayo, naomba kutoa ushauri kwa makundi yaliyopo hapa.

Kwa Wakuu wa Idara: mradi wowote wa misitu usianze kabla ya hali ya mwanzo kupimwa na kuandikwa, ndani ya eneo la mradi na katika maeneo ya kulinganishwa nayo. Kipimo kinachofanywa mradi ukiwa umemalizika ni sawa na kumpima uzito mgonjwa siku ya kutoka hospitali pasina kujua alikuwa na uzito gani siku ya kuingia. Pale ambapo fedha hazitoshi kuzifikia shehia zote kwa pamoja, upangaji wa nani aanze ufanywe kwa kura ya wazi. Kura huondoa manung'uniko, na hapo hapo hutupatia ulinganisho wa haki. Aidha, kitengwe kiasi cha fedha cha kupima tena miaka 5 na miaka 10 baada ya mfadhili kuondoka.

Kwa masheha na wanakamati: wekeni daftari. Andikeni tarehe ya doria, visiki vipya vilivyoonekana, aina ya mti na mahali. Andikeni pia siku ambazo doria haikufanyika. Daftari lenye mapungufu yaliyoandikwa lina faida kuliko taarifa safi isiyokuwa na ukweli. Mwali Sheha asiogope kuwa visiki vingi vitamtia aibu. Visiki vilivyoandikwa ndivyo vinavyoonesha wapi msaada unahitajika.

Kwa wananchi: mtakapojiwa na wapimaji, waelezeni mnachokata, mnachonunua na mnakokwenda kutafuta kuni. Hesabu isiyojumuisha kuni za bibi yule niliyemtaja ni hesabu pungufu. Nanyi mna haki ya kurejeshewa matokeo kwa lugha mnayoifahamu, katika mkutano wa shehia.

Na kwa wenzangu wa habari: tuache kuandika “zoezi limefanikiwa” siku ya uzinduzi. Siku ya uzinduzi hakuna kilichofanikiwa isipokuwa uzinduzi. Turudi baada ya masika mawili, tuangalie chini ya mwembe.

HITIMISHO

Ndugu wananchi, huenda wapo watakaoona kuwa maneno haya yatawavunja moyo wafadhili na watendaji. Mimi naona kinyume chake. Uganda walikubali kuandika kwamba miti ilipungua hata mahali walipolipa, na kwa uwazi huo ndipo ulimwengu ulipoamini kuwa malipo yalisaidia. Taarifa inayosifu kila kitu haimfundishi mtu lolote, kwani haioneshi kipi kiendelezwe na kipi kiachwe. Taarifa ya uongo wa kufaulu hutufanya turudie makosa kwa fedha nyingi zaidi, na taarifa ya uongo wa kushindwa huiua kazi njema iliyoanza kuzaa.

Visiwa vyetu ni vidogo na misitu iliyobaki ni haba. Hatuna eneo la ziada la kufanyia makosa mara mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msitu ni mali ambayo tumeachiwa na wazee wetu na ambayo wajukuu zetu watatuuliza. Siku hiyo tuwe na la kuwaonesha: msitu wenyewe ukiwa umesimama, na daftari linaloeleza kwa ukweli ni nini kilichousimamisha.